Nimepata nafasi ya kusomea tumbo la mtoto. Nikirudi nitakuta nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni daktari bingwa wa watoto katika hospitali moja ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Nina miaka 34, nimeolewa, na nina binti wa miaka miwili. Mabingwa wa watoto tuko wawili tu hapa, na mwenzangu anakaribia kustaafu.

Kwa miaka minne nimekuwa nikipokea watoto ambao ugonjwa wao naujua kitabuni, lakini mkono wangu haufiki. Mwaka jana aliletwa mtoto wa miezi minne, macho rangi ya binzari, choo cheupe kama chokaa. Mama alikuwa amezunguka zahanati tatu, kote anaambiwa amwanike mtoto juani asubuhi. Tulipomshika tumbo, ini lilikuwa limeshakuwa gumu. Kuna mvulana aliyekunywa kostiki ya kutengenezea sabuni iliyowekwa kwenye chupa ya soda. Umio wake umeziba, chakula hakipiti, na kila baada ya wiki kadhaa baba yake anauza kitu ili wapande basi kwenda Dar kumtanua. Kuna wanaotapika damu kwa sababu ya kichocho. Hao ninawaongezea damu na kumwomba Mungu.

Basi nikaomba feloshipu, yaani mafunzo ya ubingwa bobezi, ya magonjwa ya mfumo wa chakula na ini kwa watoto. Nimepata nafasi Cape Town, miaka miwili. Nililia kwa furaha, na furaha yenyewe ikakaa siku tatu.

Mkuu wangu wa kazi aliniuliza, “Wewe si bingwa tayari? Unataka nini tena?” Ruhusa atatoa, mshahara utaendelea, ila nitasaini mkataba wa kurudi. Hospitali haina skopu ya mtoto, ile kamera ya kuchungulia ndani ya tumbo, hata moja. Ya watu wazima ipo, inatolewa kabatini akija mtaalamu mgeni. Niliyesoma naye yuko Marekani, ananiambia nikienda Cape Town nitarudi kuwa fundi wa mashine isiyokuwepo, bora nifanye mitihani yao nihamie huko. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Hajasema hapana, lakini kila nikitaja Cape Town anaongeza sauti ya redio. Mama mkwe anasema mtoto atanisahau sura.

Niende? Na nikienda, nitarudi kufanya nini?

Wakati naandika haya kuna mtoto wa wiki tano wodini, manjano hayajaisha tangu kuzaliwa. Choo chake sikipendi.

Ni mimi,
Bingwa Nusu, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kuhusu yule mtoto wa wiki tano nilikujibu usiku uleule bila kungoja safu. Hapa nitajibu uliyoyauliza, na jambo moja ambalo hukuliuliza.

Kwanza jina ulilojipa silitaki. Daktari anayetazama nepi na moyo ukamlipuka si nusu ya kitu chochote.

Nenda. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza na sina haja ya kulizungusha. Swali la pili ndilo lenye miiba, na wengi huanza kujiuliza wakiwa wamesharudi, masanduku bado yako sebuleni.

Miaka ile nikiwa kazini, mwenzetu mmoja alirudi kutoka masomoni na mikono myepesi kama ya mshona kanzu. Skopu ilikuwa imekuja kwa msaada, nzuri, bado inanukia upya. Mwezi wa pili ikaharibika ncha, kwa sababu aliyepewa kuiosha hakuwahi kufundishwa namna ya kuiosha. Mkataba wa matengenezo haukuwepo, vipuri havikuwepo, na fedha ya kuipeleka nje haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Ikafungiwa stoo. Yeye akapewa uratibu wa chanjo. Sibezi chanjo hata kidogo: ile ya rotavairasi, kirusi cha kuharisha, tangu ianze kutolewa nchini, nadhani imeokoa matumbo mengi ya watoto kuliko skopu zetu zote zikiwekwa pamoja. Lakini haikuwa kazi aliyoisomea. Alivumilia mwaka na nusu, akaondoka nchini, nami sikumlaumu.

Nimekusimulia hili kwa sababu swali la mkuu wako, “unataka nini tena?”, ndilo linalozaa stoo za namna hiyo. Anaona ruhusa ya masomo ni zawadi anayokupa wewe. Kazi yako kabla ya kupanda ndege ni kumfanya aone kwamba hospitali ndiyo inayokutuma. Mtu aliyetumwa, aliyemtuma hungoja arudi na kitu.

Sasa huyo rafiki yako wa Marekani. Ana haki ya kusifia kwake, na mafunzo ya kule ni ya hali ya juu. Ila akupe hesabu kamili. Ubingwa wako wa watoto wa hapa, kwa kawaida hautakuingiza moja kwa moja kwenye feloshipu yao. Utafanya mitihani yao ya leseni, USMLE, utarudia ubingwa wa watoto miaka mitatu, halafu ndipo uombe feloshipu ya miaka mitatu mingine, ambayo sehemu kubwa ni utafiti. Hiyo ni miaka sita bila kuhesabu ya mitihani. Binti yako atakuwa darasa la tatu au la nne. Ukienda kwa viza ya J-1, ile ya mafunzo, sheria yao inakutaka urudi nyumbani miaka miwili, au uhangaikie msamaha, na wengi wanauhangaikia.

Halafu kuna jambo la wagonjwa. Huko utajifunza sana ugonjwa wa Crohn wa uvimbe wa matumbo, mzio wa umio na ugonjwa wa kutovumilia ngano. Nasi tunao, tusijidanganye, tunawakosa kwa kutowatafuta. Lakini kichocho kilichoziba mishipa ya ini, kifua kikuu cha matumbo, mtoto mwenye utapiamlo mkali anayeharisha wiki ya tatu, kostiki: hao utakutana nao mara chache. Pale Hospitali ya Watoto ya Red Cross, Cape Town, iliyojengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka askari wa vita, wodi moja inaweza kumlaza mtoto wa utapiamlo jirani na aliyepandikizwa ini. Ndiyo sababu ningekuwa mimi ningeenda kusini kabla ya magharibi. Kama nafasi yako imepitia ule mpango wa Chuo Kikuu cha Cape Town uitwao African Paediatric Fellowship Programme, wazo lake tangu mwanzo ni hilihili ninalokuhubiria: daktari atoke kwenye taasisi inayomhitaji, arudi kwenye taasisi hiyohiyo.

Kwa wasomaji wengine mnaoniandikia kuhusu njia nyingine, kwa ufupi. India wanatoa shahada ya ubobezi huu ya miaka mitatu, na taasisi ya tiba ya Sanjay Gandhi iliyoko Lucknow ina idara nzima ya fani hii. Uingereza kuna mpango wa MTI wa kufundisha madaktari kutoka nje, mwisho miezi 24, unalipwa kama daktari wao na hufanyi PLAB, mtihani wao wa madaktari wa kigeni, ila hakikisha nafasi unayopewa ni ya kitengo cha mfumo wa chakula, usije ukamaliza miaka miwili ya zamu za wodi ya kawaida.

Turudi kwako, na hiyo “fundi wa mashine”. Hilo neno limeniudhi. Anayeona ubobezi huu ni kamera tu hajakaa kwenye kliniki yake. Utakapofika utashangaa ni watoto wangapi wanaoletwa kwa choo kigumu. Utacheka mwanzoni, kisha utaacha kucheka. Mtoto wa darasa la tatu anayejichafua shuleni, anachapwa nyumbani, anatengwa na wenzake, kumbe utumbo wake wa mwisho umejaa choo kilichoganda kiasi kwamba cha maji kinapita pembeni bila yeye kuhisi. Huyo haponi kwa skopu. Anapona kwa dawa ya kulainisha inayotolewa kwa miezi, si kwa siku tano, na kwa daktari anayemkalisha baba chini na kumwambia aache fimbo. Wapo kwenye mkoa wako sasa hivi, na hakuna anayewapa rufaa kwa sababu hakuna anayejua kwamba ni ugonjwa.

Au chukua betri ya kidonge, ile ya rimoti ndogo na saa. Ikikwama kwenye umio huanza kuunguza ndani ya saa mbili. Wewe uko mbali na Dar kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Daktari bobezi anayejua jambo hilo atafundisha vituo vyake picha ya eksirei itakavyoonekana, tofauti ya betri na shilingi, na kwamba mtoto aliyezidi mwaka mmoja na bado anameza anaweza kupewa asali, vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, isizidi mara sita, huku gari limeshawashwa wala halingojwi. Asali tunayo ya Tabora. Hiyo nayo ni kazi yako, na haina waya.

Kamera nayo, basi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa fani hii cha Amerika ya Kaskazini unataka mwanafunzi awe amefanya endoskopi za juu, yaani vipimo vya skopu kupitia mdomoni, kama 100 kabla ya kumpima umahiri. Ukifika Cape Town hesabu zako mwenyewe. Andika kila moja kwenye daftari: umri, uzito, ulichokuta, ulichokosea. Omba kushika skopu kwenye kutanua umio na kufunga mishipa inayotoa damu, maana hizo ndizo zitakazokungoja nyumbani. Na ile skopu ya watu wazima iliyoko kabatini kwenu usiidharau. Unene wake ni kama milimita 9, na mtoto aliyezidi kilo 10 kwa kawaida anaweza kupimwa nayo kwa mkono uliozoea. Nyembamba, isiyozidi milimita 6, unaihitaji kwa wachanga. Maana yake ni kwamba mvulana wako wa kostiki angeweza kutanuliwa hapohapo mkoani, kwa mashine ambayo tayari ipo, pamoja na vitanulio. Mwambie mkuu wako hivyo. Mwambie pia nauli za Dar ambazo baba yule ameshalipa.

Sasa kikao chenyewe. Usiende na shukrani peke yake. Mtafute Mganga Mfawidhi mapema, maana mwaka wa fedha unaanza Julai na kisichoandikwa kabla hakipo. Jambo la kwanza ninalotaka uliombe huenda hukulifikiria: muuguzi. Mmoja, mwenye jina, atakayepelekwa kujifunza kuandaa na kuosha skopu wakati wewe uko masomoni. Bila yeye utarudia hadithi ya stoo niliyokusimulia. La pili ni mtaalamu wa usingizi. Mtu mzima anaweza kumeza skopu akiwa macho kwa dawa kidogo, lakini mtoto mdogo mara nyingi anahitaji kulazwa usingizi kamili, na mtaalamu wa usingizi wa hospitali ya mkoa anagombewa na upasuaji wa uzazi, wa mifupa na wa ajali. Omba nusu siku moja kwa wiki, iandikwe kwenye ratiba. Skopu nyembamba na matengenezo yake ndiyo ya mwisho, ingawa ndiyo ghali zaidi, kwa sababu ukiwa na hao watu wawili utapata wa kukuchangia mashine. Ukiwa na mashine bila hao watu, ah.

Mkataba wa kurudi usikutishe. Usome. Angalia ni miaka mingapi, na kama unakufunga wewe tu. Omba kuwe na sentensi inayosema utarudi kwenye kitengo kipi na kufanya kazi gani. Wanaweza kukataa. Lakini ukiiomba kwa maandishi, na jibu likaja kwa maandishi, umeshajua unarudi kwa watu wa namna gani.

Kuhusu fedha nitakuwa mkali kidogo. Kule utakuwa daktari wa ziada, yaani serikali ya Afrika Kusini haikulipi. Mshahara wa hapa ukiubadilisha kuwa randi, na kodi za nyumba za Cape Town, utalia, na safari hii si kwa furaha. Usiondoke bila mfadhili wa posho. Uliza Wizara ya Afya kuhusu ufadhili wa Samia wa ubingwa na ubingwa bobezi, uliza mpango wenyewe wa Cape Town, uliza na chama chako cha madaktari wa watoto. Usajili kwenye baraza lao la taaluma unachukua miezi, na wanataka vyeti vihakikiwe chuoni ulikosoma, kwa hiyo anza leo na usikate tiketi kwa matumaini. Jambo lingine: pale kuna cheti cha ubobezi kinachotolewa kwa mtihani na Colleges of Medicine of South Africa, na kuna shahada ya chuo. Ulizia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Baraza la Madaktari Tanganyika kipi kati ya hivyo kitatambuliwa kwenye muundo wako wa utumishi. Nimeona watu wakirudi na elimu kubwa na karatasi isiyowapandisha hata ngazi moja.

Nimebaki na redio.

Mwanaume anayeongeza sauti ya redio hajakataa. Anaogopa ataulizwa swali asilo na jibu lake. Wewe unamwambia Cape Town, yeye anasikia: nani atamwogesha mtoto, mshahara mmoja utagawanywaje, na je, mke wangu bobezi atarudi akinitazama vilevile? La tatu hatalisema hata ukiizima redio. Kwa hiyo mpelekee la pili, kwa penseli na daftari, Jumapili baada ya chakula. Viza ya mwenza kwa kawaida haitamruhusu kufundisha kule, na kumwachisha ajira ya serikali kwa miaka miwili sikushauri. Ila shule zenu hufunga Juni na Desemba. Juni kule ni baridi na mvua, aje na sweta. Desemba ni kiangazi na nauli inapaa, kateni tiketi mapema.

Mtoto nina maoni yangu, na najua wengine hawatakubaliana nami. Miezi sita ya kwanza muache na baba yake na bibi yake. Utakuwa unajifunza hospitali mpya, mji mpya na zamu za usiku, na yaya wa kigeni utakuwa humjui. Baada ya hapo, ukishapata nyumba na mtu wa kuaminika, mchukue kama posho inatosha. Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba mtoto wa miaka miwili hamsahau mama anayemwona kwenye simu kila jioni. Atamkasirikia mama yake siku ya kwanza wakikutana, atajificha nyuma ya bibi. Yangu yalinikuta hayo. Yalidumu hadi chakula cha usiku.

Na mwenzako anayestaafu: muulize anastaafu lini hasa, kwa tarehe. Kama ni kabla hujarudi, hospitali itabaki bila bingwa wa watoto, na hilo halitatuliwi na dhamiri yako peke yako. Ombeni mbadala sasa, wewe na yeye, kwenye barua moja.

Nimesema kuna jambo hukuliuliza. Ni hili: ufanye nini kati ya leo na siku ya safari. Njia ya nyongo ikiziba kwa mtoto mchanga, upasuaji aliouanzisha Mjapani Morio Kasai miaka ya 1950 unaleta matokeo mazuri zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Mtoto wako wa mwaka jana aliletwa na miezi minne. Waliomchelewesha hawakuhitaji skopu wala feloshipu, walihitaji kujua kwamba manjano yanayopita wiki mbili yanapimwa bilirubini, ile rangi ya manjano ya kwenye damu, kwa namna mbili, ya jumla na ya moja kwa moja, na kwamba mtoto huyo haanikwi juani. Taiwan mwaka 2004 waliweka picha za rangi za choo kwenye kijitabu cha kila mtoto, mama analinganisha mwenyewe. Wewe unayo simu yenye kamera na una kliniki za watoto mkoa mzima. Chapisha karatasi moja, choo cha kawaida upande huu, cheupe upande ule, ibandike pale wanapopimia uzito. Ukimpelekea Mganga Mfawidhi karatasi hiyo pamoja na barua yako ya ruhusa, hatakuuliza tena unataka nini.

Uliniandikia Alhamisi kwamba bilirubini ya moja kwa moja ilikuwa juu, rufaa imetoka, na mama amepanda basi la usiku na mtoto wa siku 37. Kama watamkuta na tatizo tunalolihofia na kumfanyia upasuaji, mpigie simu mama baada ya wiki moja, umuulize choo kina rangi gani. Kisha uniandikie.